Adhana ya Saa Kumi na Moja

Fundi alishona mapazia ya nusu ya mtaa, lakini dirisha la mama yake mzazi lilikuwa tupu. Kinyozi hajinyoi. Kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka kitambaa kilienda kwa mteja.

Mama yake alikuwa na kisukari, na kisukari kilikuwa kimeshamla macho yote mawili. Ramadhani ilipokaribia, muuguzi aliyekuwa akizunguka majumbani kutibu wagonjwa alimsihi asifunge. Shehe naye alimwambia ruhusa ipo wazi. Mama akawasikiliza wote wawili kwa adabu, akawashukuru, kisha akafunga. Ubishi wa yule mama ungeweza kuuzwa kwa kilo.

Muuguzi hakuwa na la kufanya ila kupanga upya. Sindano kubwa ya insulini akaihamishia kwenye futari, ya daku akaipunguza, akabandika karatasi ukutani: pima sukari asubuhi, pima adhuhuri, pima alasiri. Ikishuka chini ya nne, afuturu papo hapo.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja, kipimo kikasoma tatu nukta sita. Jasho lilimtoka mama.

"Mama, kunywa uji."

"Magharibi bado. Niache."

"Utazimia!"

"Nikizimia nitazimia na saumu yangu."

Fundi alitoka kwenda sebuleni akilia kwa hasira. Simu ilikuwa juu ya cherehani, na ndani yake mlikuwa na adhana. Hakufikiri mara mbili. Alifunga madirisha, akaibonyeza. Chumbani akasikia mama akisema bismillahi na kupapasa tende. Ilikuwa imebaki saa nzima na nusu jua lizame.

"Umemwahi," muuguzi alisema kesho yake alipoelezwa, akikwepa kumtazama. "Sindano iende na chakula, basi. Hayo mengine usiniulize mimi."

Uongo ule ulitaka kutunzwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Jirani aliyetaka kuja kufuturu na mama aliambiwa mama kalala. Redio ilikaa kabatini. Fundi, aliyekuwa amefunga vilevile, aliketi kando ya mama akigonga kijiko kwenye bakuli tupu na kujifanya anatafuna. Kisha adhana ya kweli ilipokaribia, alikimbilia cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu, bila uzi wala kitambaa, akishona hewa mpaka mwadhini wa msikitini amalize. Maji yake ya kufuturia aliyanywa huku miguu ikienda. Sokoni hakuenda tena jioni, wala kwa wateja. Alikuwa amejifungia mwenyewe, na ufunguo hakuuona. Usiku aliposali alishindwa hata kujua aombe msamaha wa nini kwanza.

Siku ya kumi na mbili, mteja wa mapazia alimshika mlangoni, mara vipimo, mara rangi, mara habari za mkwewe. Fundi alipoingia ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mama alikuwa amelowa jasho, ulimi mzito.

"Mbona leo umechelewa kuadhini?"

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, na safari hii adhana haikulia. Mama alipopata nguvu, aligusa shuka juu ya miguu yake.

"Jua hili hapa, linanichoma nyayo. Mungu kachukua macho, ngozi kaniachia."

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona ulikula?"

"Naogopa kufa, mwanangu."

Fundi alimkumbatia. Alihisi mzigo ukimtoka mgongoni. "Basi yameisha, mama. Kesho ule mchana kama wagonjwa wengine. Tusidanganyane tena."

"Mimi? Nile mchana?" Mama alijitoa mikononi mwake. "Miaka yangu yote sijawahi kula Ramadhani. Mimi ni kipofu, nafuturu nikisikia adhana. Anayeadhini ndiye atakayeulizwa. Kesho usichelewe."

Fundi aliosha bakuli, akaenda kuketi kwenye cherehani, mikono mapajani, glasi ya maji mbele yake. Siku kumi na nane zilikuwa zimebaki. Angalau kelele zile za cherehani hazikuhitajika tena.

Nje, kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza.

"Mbona kimya?" mama aliita kutoka chumbani. "Shona!"

Fundi akaweka mguu juu ya pedali, akakanyaga.