Palizi ya Odelia

Odelia Jimmy alikuwa na mdomo. Kila aliyepita mbele ya nyumba yake, pale kijijini ufukweni mwa Bahari ya Salish, alilijua hilo. Ukikanyaga ukingo wa bustani yake chini ya mialoni, ulitajiwa jina lako na la baba yako. Majira ya kuchipua yakifika, watu wa mjini walisimamisha magari kutazama maua ya mwituni aliyoyalea humo: mayungiyungi yaliyoinamisha vichwa kama wasichana waliokaripiwa, yale meupe ya petali tatu ambayo watoto hukatazwa kuyachuma wasije wakaleta mvua, na kichaka cha maua mekundu kinachoita vile vindege vidogo vinavyovuma. Wakimwomba mbegu, aliwaambia waende wakauombe msitu.

Hiyo ilikuwa bustani ya macho. Bustani ya tumbo ilikuwa ng'ambo, kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu, ambako ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na kitalu cha kwetlali kilichozungushiwa mawe tangu enzi za mababu. Kwetlali ina ua la buluu, na kitunguu chake ukikioka shimoni taratibu kinakuwa kitamu utadhani kimetiwa asali. Taabu yake ni jirani yake. Humo humo huota mmea mwingine wenye ua jeupe, na kitunguu cha huo kinaua. Maua yakishanyauka, vitunguu viwili hivyo ukivishika mkononi huwezi kusema kipi ni kipi. Ndiyo maana kila mwaka, maua yangali wazi, mtu mmoja tu huenda kupalilia, ang'oe kila jeupe na kulitupa baharini. Wengine hawakanyagi kisiwani mpaka aseme tayari. Kisha wanakuja kuchimba, vikubwa wanachukua, vidogo wanarudisha ardhini, na wanakula bila kuuliza swali.

Mtu huyo alikuwa Odelia. Mama mkwe wake, Sabina, ndiye aliyemkabidhi kazi hiyo kabla ya kufa, akamruka Hazel, binti yake wa kumzaa, eti Hazel ana haraka. Hazel hakusamehe. Tangu mazishi yale wifi hao wawili walikutana misibani na arusini, na hawakupeana chochote isipokuwa vijembe.

Sasa majira ya baridi ya mwaka ule, macho ya Odelia yakaingia ukungu. Nyuso zikawa vivuli, na rangi zote zikawa kama maji ya kuoshea mchele.

"Mama, mbona unamimina chai nje ya kikombe?" Verna, binti yake, alimuuliza.

"Kikombe chenyewe umekiweka vibaya."

"Twende kliniki wakuangalie macho."

"Wakaangalie yao kwanza."

Hakutaka kwenda kwa sababu alijua kitakachofuata. Asiyeona hapalilii. Kitalu kingehamia kwa Hazel kesho yake, na Odelia aliona heri afe kuliko kumpa Hazel furaha hiyo. Tena mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa shughuli. Renata, mtoto mdogo wa Verna, angepewa jina la ukoo mbele ya mashahidi, jina lile lile alilolibeba Sabina, na siku hiyo ingeokwa kwetlali kwa ajili ya wageni wote.

Maua yalipofunguka Verna alimvusha kwa boti, akamwacha ufukweni, akarudi zake. Odelia alipanda mpaka kitaluni, akapiga magoti, akatazama. Mbele yake palikuwa na kijivu kitupu, kikiyumba kwa upepo. Alishika ua moja akalisogeza hadi puani. Kijivu. Akashika jingine. Akaanza kulia, na Odelia si mtu wa kulia.

"Hilo," sauti ikasema. "Na la kushoto kwake."

Ndege walikuwa wamenyamaza. Chini ya mwaloni alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na majani marefu aliyoyakanyaga hayakulala.

"Bado kipofu wewe mkamwana," mwanamke akasema. "Nilikuambia siku ile ile ulipoolewa."

Odelia aliijua sauti hiyo kuliko yake mwenyewe. Alijua pia la kufanya, maana kila mtoto wa watu wale hufundishwa: marehemu akikujia, usimjibu, usipokee kazi ya mkono wake. Rudi nyumbani, waambie watu, mchomeeni sahani ya chakula alichokipenda, moto umfikishie, aende zake. Lakini kuwaambia watu kulimaanisha kueleza jinsi alivyokuwa kitaluni analia. Basi akanyoosha mkono, akang'oa ua aliloonyeshwa.

Siku zote za palizi ikawa hivyo. Sabina akisema "hilo", Odelia anang'oa. Mwanzoni aliogopa. Baadaye, na hili ndilo linalonitia baridi zaidi, akaanza kufurahi. Kazi ilikwenda haraka. Akajiona ana siri kubwa na msaidizi asiyekosea, na Hazel wa watu hana habari. Aliyong'oa akayatupa baharini, kapu baada ya kapu.

Siku ya mwisho Sabina akauliza, "Huyo mtoto mnayempa jina langu, anakula vizuri?"

"Anakula, Mama."

"Na vitunguu hivi atakula?"

"Atapewa wa kwanza. Si ndiye mwenye shughuli?"

Upepo ukatulia. "Jina langu," Sabina akasema polepole. "Mimi bado nalitumia."

Odelia alirudi ufukweni bila kugeuka nyuma, akajiambia kwamba wazee hupenda maneno. Alipofika nyumbani akatangaza kitalu kiko tayari.

Maua yaliponyauka ukoo mzima ulivuka kuchimba. Shimo likachimbwa nyuma ya ukumbi, mawe yakachomwa moto, vitunguu vikapangwa juu ya majani ya kangaga na mwani, vikafunikwa. Asubuhi ya shughuli walipofunua, mvuke mtamu ulijaa uwanja mzima, na wazee wakaanza kutaniana nani atamaliza sahani ngapi. Hata Hazel alikuja, akakaa mbali, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tuone kama mkono wa wifi yangu bado una baraka."

Verna alipakua sahani ya kwanza, akamwekea Renata kwenye benchi la mbele. Odelia, aliyesimama hatua chache kutoka hapo, aliona ukungu: hapa kivuli cha Verna, pale kivuli cha mtoto. Halafu akaona mtu.

Alikuwa amekaa kando ya Renata, na Odelia alimwona sawasawa. Aliuona uzi mmoja mmoja wa kitambaa cha kijani. Aliona vidole vimebaki ngozi na mifupa, na midomo iliyokauka ikilambwa. Macho yaliyoshindwa kuuona uso wa binti yake mwenyewe yalimwona Sabina mpaka kwenye kucha. Na hapo Odelia akaelewa. Sabina alijisogeza kidogo, akapangusa nafasi ubavuni mwake kwa kiganja, kama mtu anavyomtengea mwenzake nafasi ya safari. Renata akainua kijiko.

Odelia aliruka, akaipiga sahani ikavurumika.

"Usile! Mtu asile!"

"Mama, una nini?" Verna akapiga kelele, huku mtoto akiangua kilio.

"Sioni," Odelia akasema. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kutamka. "Sioni tangu baridi. Sijui niling'oa nini, sijui niliacha nini. Kifukieni chote."

Sauti ya Hazel ikapanda. "Nilijua! Mungu wangu, nilijua! Angetuua wote huyu kwa kiburi!"

Chakula kikafukiwa shimoni. Jina la mtoto likaahirishwa. Kitalu kikaenda kwa Hazel. Mwaka mzima Odelia alikaa ndani na aibu yake, na aliposikia wengine wakinong'ona kwamba pengine chakula kilikuwa salama, kizee kimechanganyikiwa tu, alitamani iwe kweli.

Majira ya kuchipua yaliporudi, vile vitunguu vidogo vilivyorudishwa ardhini vikachanua, na Hazel akavushwa kwenda palizi yake ya kwanza. Alirudi kabla ya saa sita. Hakwenda kwake. Alifungua mlango wa Odelia bila kubisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akakaa mezani na tope lake miguuni.

"Meupe," akasema.

"Mengi?" Odelia aliuliza.

"Yote, wifi. Kitalu kizima kama shuka. Nimepekua mpaka kwenye mawe ya mpaka, buluu hakuna hata moja." Akahema. "Na hicho ndicho kilichonitoa mbio kule. Kipofu akibahatisha, lazima ataacha la buluu hapa na pale. Wewe hukuacha hata moja. Nani alikuwa anakuonyesha?"

Odelia akamwambia. Alimwambia yote, mpaka nafasi iliyopanguswa kwenye benchi. Alingoja kicheko, lakini hakikuja.

"Yukoje?" Hazel akauliza, sauti imepungua. "Mama yukoje?"

"Amekonda, Hazel. Amekonda vibaya. Alikuwa analamba midomo."

"Amekondaje? Sahani yake ya kila vuli humchomei?"

"Mimi?" Odelia akamgeukia. "Si wewe? Wewe ndiye bintiye."

"Na wewe ndiye uliyerithi kitalu chake! Nilisema kama umechukua kazi, umechukua na sahani. Kila vuli nikiona moshi huku kwako, nasema haya, wifi anamlisha mama yangu, mimi sitakiwi."

"Nilikuwa nachoma majani, Hazel."

Hazel alifunika uso. Miaka yote hiyo, kila mmoja amenuna upande wake, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake analisha, na mama wa watu hakupata tonge tangu siku walipomzika. Hazel akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto.

Odelia aliinuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akatoa samoni mzima ambaye Verna alimwekea.

"Washa moto, wifi," akasema. "Mkubwa."