Shija Aliyekuja Ndani ya Kofia

Mkwe wangu akiyeyusha samli jikoni, mimi huacha ninachofanya. Kwa kweli huwa sifanyi kitu, lakini hata huko kutofanya kitu nakuacha. Harufu ile nzito, yenye ukali kidogo kama maziwa yaliyokasirika, hunirudisha kwetu Shinyanga, upande wa Songwa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ikanikalisha chini mbele ya kobe aliyekataa kufungua mlango.

Tulizaliwa mapacha. Kaka yangu alitangulia, akawa Kulwa. Mimi nikafuata, nikawa Doto. Kwetu mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija, apende asipende. Nyumbani kwetu Shija hakuwepo, na sisi hatukuwahi kuuliza kwa nini.

Basi jioni moja Baba, aliyekuwa kibarua kwenye machimbo ya almasi, alirudi na kitu kizito ndani ya kofia yake. Alikuwa kobe mdogo wa kahawia, wa ile aina ambayo gamba lake lina kama bawaba kwa nyuma. Akiogopa alijifunga, mbele akaziba kwa miguu, nawe ukabaki umeshika jiwe.

"Huyu ndiye Shija wetu!" Kulwa akapiga kelele.

Baba akacheka, mimi nikacheka. Mama akasema, "Haya," akaingia ndani kutazama ugali.

Nilimpenda Shija siku ileile. Mimi toka zamani ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikwenda kuchuma furu na kutazama ngoma hadi ng'ambo ya mto. Safari yangu ndefu ilikuwa kisimani, tena nikinung'unika kwenda na kurudi. Sasa nilikuwa nimempata mwenzangu asiyenicheka kwa kukaa. Asubuhi tulianza kivulini upande mmoja wa nyumba, na jioni tukawa upande wa pili, tumesogea jinsi kivuli kilivyosogea.

"Mama, makobe yako mawili yameota mizizi," Kulwa alikuwa akisema. "Yamwagilie maji."

Shija alikula majani ya kunde, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, niliyomlowekea mpaka ikalainika. Alikuwa akitafuna polepole huku amenikazia macho, kama mzee anayesikiliza kesi ambayo ameshaiamua.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, upepo wa vumbi ukavuma, na Shija akaacha kula. Macho yake yakavimba yakaziba. Puani alitoa mapovu madogo, na pumzi yake ikawa na sauti ya mtu anayejifunza kupiga mluzi. Kisha akajifunga, asifungue tena.

Mama akayeyusha samli, ileile ya kutupaka vifuani tukiwa na kikohozi. Lakini kifua cha kobe kiko wapi? Tukampaka gamba zima. Likang'aa kama kiatu cha karani. Mgonjwa aliyependeza vile sijamwona tena maishani.

Kulwa, aliyekwisha kuona ndama wakinyweshwa dawa, alichemsha magome, akaja na kibuyu. Alitafuta mdomo, hakuupata. Akamimina hivyo hivyo juu. Dawa ikateleza kwenye samli, mbwa akaja kuramba. Mbwa yule hakuugua mwaka mzima.

Nikabaki mimi na uganga wangu, ambao ulikuwa kugonga gamba kwa kidole. "Hodi, Shija. Ni mimi, Doto." Nikatega sikio. Kwa ndani nilisikia ule mluzi, siku hadi siku ukizidi kuwa mwembamba. Hakuna kinachochosha kama kumuuguza mtu ambaye huwezi hata kumfikia.

Ndipo Mama akafanya jambo la ajabu. Ulikuwa wakati wa kutayarisha mashamba, wakati ambao hata mgeni hupewa jembe. Yeye akaliegemeza lake ukutani, akamtia Shija kwenye kapu, akamfunika kanga, tukaenda kwa mzee mmoja wa ngoma ya nyoka. Watu wale walicheza na mafira shingoni, na walijua dawa za sumu zao.

"Mama Kulwa," mzee akasema alipofunua kapu, "mimi natibu walioumwa na nyoka. Huyu ameumwa na nini?"

"Sijui, baba. Ila shingo yake ni ya nyoka. Nikaona labda ni jamaa zenu."

Hakucheka. Alimweka Shija sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu. Dawa yake huingia kwa chale, akaeleza, na hapa wembe hauna pa kupita. Kisha akasema, "Kwa mtoto anayenyonya, tunamchanja mama, dawa imfikie kwa njia hiyo. Mama wa mgonjwa ni nani?"

Nilifumba macho, nikanyoosha mkono. Nikangoja maumivu. Hayakuja. Nilipofumbua, mkono uliokuwa chini ya wembe ulikuwa wa Mama, na mzee alikuwa akisugua unga mweusi kwenye chale mbili zilizotoka damu.

Nilinuna njia nzima. Shija alikuwa wangu! Mama hakunibembeleza. Kapu hakulitwika kichwani, alilikumbatia kifuani.

Haikusaidia. Asubuhi moja mlango ulikuwa wazi, miguu imelegea, na sisimizi wamefika kabla yangu. Kulwa alikuwa akilitamani gamba kwa ajili ya ngoma, lakini alimtazama Mama usoni, akaliacha. Mama mwenyewe alichimba, ukutani kabisa, chini ya mchirizi wa paa. Nikauliza kwa nini karibu hivyo, mvua itamlowesha.

"Shika jembe, Doto," akasema.

Nilikuwa na watoto wangu tayari, na Mama hayupo tena duniani, shangazi aliponiambia, huku anachambua mchicha, kana kwamba ni jambo nililolijua siku zote. Baada yetu alizaliwa mwingine, sisi tukiwa bado tunatambaa. Hakuiona jioni. Walimzika chini ya mchirizi wa paa, pale wanapozikwa wachanga, na hakuna aliyemtaja tena.

Kwa hiyo mzee wa nyoka aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mama: mama wa Shija ni nani? Naye akapata nafasi ya kujibu. Mimi nilikuwa pembeni, mdomo nimeuvuta kama kata ya maji, nikilia kwamba nimenyimwa wembe.