Kisu Nilichokikwaruza

Kila Jumamosi mimi huingia duka la visu karibu na soko la mifugo, Garissa, nikifungua na kufunga visu vya mfukoni ili tu nisikie vinavyolia. Nyumbani ninavyo kumi na tisa, na hakuna hata kimoja nilichowahi kukatia kitu. Naogopa mikwaruzo. Juzi, nikijifundisha kunoa, nilikikwaruza ninachokipenda kuliko vyote. Nilikipeleka dukani nikiamini nimekiharibu kabisa.

Mwenye duka alikigeuzageuza, akacheka. "Walaal, ndugu yangu, leo ndiyo kimekuwa kisu!" Akavuta kamba ya kufungia ngamia ambayo wafugaji hujaribia makali kabla ya kununua. "Kata, wacha woga."

Nilikandamiza kisu, na kamba ikakatika mara moja. Nikaomba nikate tena, naye akanisihi nisiwamalizie wateja kamba yao.