Paja la Kushoto la Dume Wangu

Nitasema ni akina nani walioniharibia, hata kama nimeambiwa majina yao nisiandike. Ni binti wa kompyuta kule Kitengela, ni mhariri wa jarida la wafugaji, na ni binamu yangu. Kila mmoja alitia mkono wake.

Ukame ulinimalizia ng'ombe. Walianguka wakinitazama. Alibaki dume mmoja mwekundu, wa mbegu nzuri. Nikimuuza kwa mfugaji anayetaka mbegu, ningepata mitamba ya kuanza upya. Nikimuuza kwa mchinjaji, ni nyama tu, na boma linabaki tupu.

Mhariri akaniambia nitangaze kwenye jarida lake, hata wafugaji wa Namanga wanalisoma. Akanituma kwa binti anayemtengenezea matangazo. Huyo siwezi kumnyima haki yake, kazi aliijua. Picha ya WhatsApp aliikataa, akasema kwenye karatasi itatoka kama uji. Akaja Kajiado na kamera, akangoja mpaka dume akainua kichwa. Maneno akaweka machache: mbegu, umri, simu. Akaacha nafasi pembeni, maana mashine ya kukata karatasi haina huruma.

Lakini dume alikuwa ametazama nje ya ukurasa. Binti akaona msomaji hufuata macho ya mnyama, kwa hivyo mnyama lazima atazame maneno. Akaigeuza picha, vile kioo hugeuza uso. Mhariri akapitisha. Hakuna aliyenipigia simu. Mzee wa darasa la tatu aulizwe nini?

Sasa, kwetu chapa ni moja, duara juu ya mstari. Babu alipowagawia wanawe mifugo, nyumba yetu ilipewa paja la kushoto, nyumba ya binamu paja la kulia. Ukoo wote unajua, na majirani pia. Jarida likatoka, dume wangu yuko na chapa paja la kulia.

Mnunuzi alikuja kutoka upande wa Namanga, jarida kwapani. Tukasalimiana vizuri kwa Kimaasai, sopa, ipa. Akamzunguka dume, akafungua jarida, akamzunguka tena.

"Mzee, huyu si yule."

Nikamweleza kwamba picha iligeuzwa. Akaniuliza ng'ombe hugeuzwa namna gani, kwani ni chapati?

Pengine ningemtuliza. Lakini binamu yangu alikuwa amekuja kuona mgeni. Alijua dume ni wangu. Siku tulipomchoma chapa, yeye ndiye aliyeshika miguu. Lakini boma lake pia lilikuwa tupu, na hakutaka langu lijae kwanza. Akaitazama picha, akacheka kidogo.

"Chapa ya kulia ni ya kwetu," akamwambia mgeni. "Muulize huyu, yule wa kwenye picha alimtoa wapi."

Mnunuzi akarudi kwa gari lake bila kuaga.

Maneno hayo ya wizi yalinitangulia sokoni Kajiado. Kila aliyetaka mbegu alinipita kama mtu mwenye upele. Nyasi zikaisha, dume akaanza kuonyesha mbavu. Nikampeleka kwa mchinjaji.

Baadaye mhariri akanipigia, sauti tamu, akasema wameona kosa, tangazo litarudiwa bure.

"Tutahitaji picha mpya, mzee. Dume yuko karibu?"

Nikamwambia aulize kwenye bucha.