Mama wa Mzee Galgalo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Isiolo, metroni alinipa kipimajoto na daftari la wodi, akaniambia, "Binti yangu, mgonjwa usimdanganye. Akikugundua mara moja, hatameza tena dawa yako." Neno hilo nililishika Merti, nikalishika Korbesa, katika zahanati ya vyumba viwili ambako mbuzi waliingia kabla ya wagonjwa. Nilirudi nalo Isiolo nilipopewa kazi ya kuzuru wagonjwa majumbani.

Katika mtaa wa Bulla Pesa nilimkuta Mzee Galgalo, dereva mstaafu wa malori ya ng'ombe. Alikuwa na Alzheima, ugonjwa unaokula kumbukumbu. Huanza na za karibu: chai ya asubuhi, jina la mjukuu. Za zamani hukawia, na mzee aliishi humo kama mtu aotaye macho wazi. Nje zilipita pikipiki. Yeye alisikia kengele za ngamia.

"Sista, ayo amerudi kisimani?" aliniuliza. Ayo ni mama kwa Kiborana.

"Mzee, mama yako alifariki zamani," nilimjibu.

Akalia kama aliyepata habari saa ile ile. Juma lililofuata akauliza tena, nikamjibu tena, akalia tena. Mkewe, Mama Rukia, alimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

Niliporipoti, tabibu mkuu aliweka kalamu chini. "Sista, mwezi huu umemzikia mama yake mara ngapi?"

Nilitoka nimeinamisha kichwa.

Safari iliyofuata, mzee alipouliza, niliketi mkekani. "Ayo ni mtu wa namna gani, mzee?"

Akanisimulia polepole habari za mama yake kule Korbesa. Maziwa ya kibuyu chake yalinukia moshi. Aliimba akikamua. Kidole gumba chake kilikuwa na kovu. Mama Rukia aliacha kuchambua mchele. "Miaka yote hii tumekaa pamoja," akasema, "hayo hajawahi kuniambia." Tukasikiliza mpaka kivuli cha ukuta kikafika mlangoni.

Miezi ikapita, na za zamani nazo zikaanza kuondoka. Likapotea kovu, ukapotea wimbo. Siku moja nilimpima shinikizo la damu, nikasubiri swali lake. Halikuja.

"Ayo yuko wapi leo?" nikamwuliza mimi.

Alinitazama kwa upole. "Ayo ni nani?"

Mama Rukia alitoka kwenda uani. Nilimkuta amesimama kati ya nguo zilizoanikwa. "Lile swali lilinichosha, Sista," akasema. "Leo nalitamani."

Sasa nimestaafu, nami huwatembelea kama jirani. Nyinyi wauguzi mnaovaa sare leo mna dawa ambazo sisi hatukuwa nazo. Ila za kumrudishia mtu mama yake sijaziona. Jioni Mama Rukia humsimulia mzee habari za mwanamke wa Korbesa aliyeimba akikamua. Mzee husikiliza ametulia, kama habari za watu wengine.

Juzi mkewe alipomaliza, mzee alitabasamu. "Mtoto wake," akasema, "alikuwa na bahati."