"Okei" ya baba, na jibu nililompa siku ya ndoa yangu

Wakuu salaam, na marahaba kwa wote, maana sidhani humu yupo wa kunizidi umri. Haya ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi.

Naona vijana mnaandikiana "ok", wengine "k" tupu, halafu mnanuniana. Mmenikumbusha baba.

Miaka ya hamsini tulikaa mtaa wa Chumbageni, huku pwani. Baba alipakia mkonge bandarini, na neno hilo aliliokota kwa mabaharia. Kizungu chake chote kilikuwa hilo moja.

Akiingia nyumbani, "Okei!" ndiyo hodi yake. Mama akilalamika, "Okei, okei," yaani nimesikia, niache nile. Mtoto akianguka, "okei" ya polepole huku anampuliza goti.

Ila ikitoka ile fupi, kavu, mjadala umefungwa.

Hiyo kavu ndiyo aliyompa mshenga aliyeleta posa yangu. Mposaji alikuwa muuza vitambaa aliyefiwa na mkewe, mtu mwema tu. Mimi sikumtaka. Nikamlilia mama, akaniambia, "Baba'ko keshasema, mwanangu."

Siku ikafika. Wageni wamejaa barazani, shehe kakaa anangoja.

Kwetu baba ndiye huingia ndani kumuuliza binti kama ameridhia. Binti akinyamaza, basi kakubali. Na wote hunyamaza, wakuu, hata wenye kinywa kama mimi. Somo yangu, yule mama aliyenifunda, akanibana mkono: "Usifumbue mdomo we!"

Baba akaingia, akachuchumaa mbele yangu, akauliza kama desturi. Sikusema kitu.

Hapo angeweza kuondoka zake na jibu.

Hakuondoka. Aliniinulia shela, akanitazama macho yalivyovimba, akasema taratibu, "Okei, mwanangu?"

Tangu nizaliwe nilikuwa sijapata kumsikia akiuliza kwa neno lile.

"Hapana, baba."

Kina mama wakashika vichwa. Baba akanifunika shela vizuri, akatoka. Nikamsikia barazani:

"Jamani, ndoa haipo. Mwanangu hakuridhia. Pilau ipo, kuleni."

Alisemwa sana mtaani, na rafiki zake wengine walimhama. Mimi hakunilaumu hata siku moja. Nilimpenda mno baba yangu, Mungu amrehemu.

Nilichojifunza: ukimuuliza mwanao, uwe tayari kulibeba jibu lake mbele za watu.

Haya, nanyi nipeni ya baba zenu. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.