Mrija Mmoja, Mafua Matatu

Kabla ya mafua yale nilikuwa mtu wa kujisifia kifua. Nilirudi kutoka Tanzania na shahada moja na masanduku mawili ya vitabu, nikapata kazi ofisini Gisenyi, na kila Jumapili nilipanda Bugeshi kwa baba mkwe kunywa pombe ya mtama.

Mafua ya kwanza nililaumu upepo wa ziwa. Ya pili, vumbi. Ya tatu yalishuka kifuani: makohozi ya rangi ya kutu, homa, mbavu zikichoma kila nikivuta pumzi. Nikalazwa siku kumi na moja kwa homa ya mapafu, nikidungwa sindano matakoni mpaka nikalala kifudifudi.

"Safari hii umepona," daktari alisema. "Ukipata mafua tena upesi, siahidi kitu."

Nikamuuliza muuguzi, mama mmoja wa Goma: inakuwaje mtu augue ugonjwa uleule mara tatu?

"Haiko ileile. Virusi ya mafua iko na ndugu mingi. Unapona huyu, mwenzake anakuja. Bon, pombe unakunywaka na nini?"

"Mrija."

"Yako?"

"Wetu."

"Batu ngapi?"

Nikawahesabu wazee tunaopokezana mrija huo kwa baba mkwe. Tisa. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Sasa, kwetu mwenyeji huonja kwanza, kisha hukupa mrija wake. Kuukataa ni kusema amekutilia sumu. Nilikwepa Jumapili nne. Mke wangu akaanza kuulizwa kama tumegombana. Ya tano nikaenda na kibuyu kidogo na mrija wangu. Baba mkwe alipoonja akaninyooshea wake, nikatoa vyangu.

"Mukwe, we unaona mi nitakuua?"

"Hapana, baba. Mimi ndiye nitakayewaua ninyi. Mafua yote ya mjini niliwaletea hapa."

Akanikazia macho. "Kumbe ni wewe! Mwezi muzima nakohoa, nalaumu baridi, na muganga amekula jogoo yangu! Kaa kule mulangoni." Lakini kibuyu alikijaza.

Namshukuru Mungu, muuguzi yule, na mzee. Nawe msomaji, nawa mikono, kohoa kwenye kitambaa, fungua madirisha, kunywa kwa chombo chako. Ukiona haya kusema unajilinda, sema unawalinda wenzako. Ni kweli vilevile. Tangu hapo mafua yamenipata mara moja tu. Jumapili hiyo nilibaki kitandani, nikampelekea mzee salamu. Zilifika peke yake, bila mafua.